Haki ya Kupimwa Mbioni

Mhadhara uliotolewa mbele ya walimu, wazazi na vijana wa Kibaha na Kisarawe



Nimetakiwa nizungumze juu ya kijana anayeshindana mbio akiwa ameketi katika kiti mwendo, juu ya ushindi wake michezoni, na juu ya manufaa anayoiletea jamii yake. Habari za namna hii aghalabu husimuliwa kwa mtindo mmoja tu: hutajwa kwanza msiba uliompata mwilini, kisha ustahimilivu wake, kisha medali, kisha makofi, na wasikilizaji hurejea makwao nyoyo zimelainika lakini hawana la kufanya kesho asubuhi. Naomba idhini yenu nipite njia nyingine. Nadai, na hoja yangu yote ya leo imo katika dai hili, kwamba mbio za kiti mwendo humpa kijana mwenye ulemavu kitu ambacho sadaka haijapata kumpa, nacho ni haki ya kupimwa kwa kipimo kile kile wanachopimiwa wenzake. Na kwamba kijana aliyekwisha kupimwa hivyo huirudishia jamii jambo kubwa kuliko medali, kwa kuwa huifundisha kumtendea insafu pale ilipozoea kumwonea huruma peke yake.

Sitaki nidhaniwe nabeza huruma. Huruma ni fadhila adhimu, dini zetu zimetuamrisha nayo, wala hapana mtoto wa Pwani aliyelelewa vema asiyejua kumwegemeza mgonjwa na kumpisha mwenye mkongojo njiani. Lakini huruma ina upungufu mmoja ambao ni nadra kuusikia ukitajwa hadharani, kwamba mtu anayehurumiwa daima hawekwi kamwe kwenye mizani. Akiandika insha mbovu husifiwa kwa kuwa ameandika. Akiimba kwa sauti isiyopatana na ngoma hushangiliwa kwa kuwa ameimba. Na sifa hizo, ingawa hutolewa kwa nia safi, humnong'oneza kuwa hapana aliyetazamia lolote kutoka kwake. Mkimbiaji aliye katika mstari wake uwanjani yu katika hali tofauti kabisa. Saa ya mwamuzi haiyajui maradhi yake wala haiwajui wazazi wake. Akiwa wa nne humwandika wa nne, na akiwa wa mwisho humwandika wa mwisho. Anaweza kushindwa, na kule kushindwa kwenyewe kuna heshima ndani yake, maana hashindwi ila yule aliyekubaliwa kuwa mshindani. Taifa letu linalijua jambo hili tangu zamani. John Stephen Akhwari alimaliza marathoni ya Mexico tarehe 20 Oktoba 1968 akichechemea, goti limefungwa bendeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi kufika, nasi tunamtaja hadi leo kwa fahari kwa sababu alikimbia masafa yale yale ya wenzake, akapimwa kwa saa ile ile, na muda wake wa saa 3 dakika 25 na sekunde 27 ukaandikwa.

Sasa natia mguu katika habari yenyewe. Mwezi wa Septemba mwaka 2004, katika Paralimpiki ya Athens nchini Ugiriki, walishindana wanawake wawili ambao maisha yao, yakiwekwa ubavu kwa ubavu, yanatosha kuwa hujja ya mhadhara huu wote.

Wa kwanza ni Anne Wafula Strange, mzaliwa wa magharibi ya Kenya mwaka 1969. Alikuwa hajatimiza miaka 3 polio ilipomshika na kuiacha miguu yake haina nguvu, na kwa kuwa majirani hawakuwa na maarifa ya maradhi yale, walisadiki kwamba nyumba ile imelaaniwa. Wapo kati yenu wanaojua vizuri sana jinsi tuhuma za namna hiyo zinavyoenea kijijini, kutoka kisimani hadi sokoni, mpaka mama mzazi anaona haya kumtoa mtoto wake uani. Msichana huyu alitolewa uani, akasomeshwa, akafika Chuo Kikuu cha Moi, akawa mwalimu. Mwaka 2000 akahamia Uingereza, na huko, mnamo mwaka 2002, akaketi kwa mara ya kwanza katika kiti cha mbio. Miaka 2 baadaye alivaa rangi za Kenya huko Athens, naye hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kushindana mbio za kiti mwendo katika Paralimpiki. Hakupata medali. Mwaka 2006 alipata uraia wa Uingereza, akaendelea kushindana kwa jina la nchi hiyo, akaandika kitabu cha maisha yake, na mwaka 2014 akatunukiwa nishani ya MBE kwa ajili ya utumishi wake kwa watu wenye ulemavu.

Naomba tuitazame hesabu ya miaka yake. Baina ya siku polio ilipomwangusha na siku alipokiona kiti cha mbio palipita yapata miaka 30. Mikono ilikuwapo muda wote huo, mabega yalikuwapo, ari ilikuwapo, maana mtu asiye na ari hatoki katika kijiji kinachoamini kuwa amelaaniwa hadi akasimama mbele ya darasa. Kilichokosekana ni chombo na mtu wa kumwambia kuwa chombo hicho kipo. Alianza mbio akiwa amevuka umri wa miaka 30, wakati ambao wakimbiaji wengi wa mbio fupi wanaanza kuwaza kustaafu.

Wa pili ni Tatyana McFadden, aliyezaliwa mwaka 1989 katika mji wa Urusi ulioitwa wakati huo Leningrad, akiwa na mgongo wazi, maradhi yale yale ambayo hospitali zetu huyapokea kila mwaka pamoja na watoto wa vichwa vikubwa. Aliwekwa katika nyumba ya yatima isiyokuwa na kiti mwendo, na kwa miaka 6 ya mwanzo ya uhai wake alitembea kwa mikono, akiiburuta miguu nyuma yake, ili asiachwe na watoto wenzake. Mama mmoja wa Kimarekani alimchukua na kumlea katika jimbo la Maryland, akampeleka michezoni ili mwili wake upate nguvu ya kuishi. Huko Athens alikuwa na umri wa miaka 15 tu, umri wa kidato cha pili kwa hesabu ya kwetu, naye akarudi nyumbani na medali ya fedha na ya shaba. Baadaye alikuja kuwa mmoja wa wakimbiaji wakubwa wa kiti mwendo duniani, mwenye medali zaidi ya 20 za Paralimpiki, na mwaka 2013 alishinda marathoni za Boston, London, Chicago na New York katika mwaka mmoja.

Lakini mimi sikuja kuwasimulia medali zake. Nimekuja kuwasimulia lililompata aliporudi shuleni kutoka Athens. Aliomba kujiunga na timu ya riadha ya shule yake, akakubaliwa. Siku ya mashindano wakimbiaji wengine walisimamishwa kando, naye akaambiwa auzunguke uwanja peke yake. Tafakarini jambo hili kwa utulivu, kwa maana halina ukatili wa dhahiri ndani yake. Uwanja alipewa, saa alipewa, watazamaji wa kumpigia makofi walikuwapo. Kitu pekee alichonyimwa ni mshindani. Binti yule, ambaye dunia ilikwisha kumpima huko Ugiriki, aliona kwamba makofi yale yalikuwa namna ya kumwondoa katika mchezo, na mwaka 2005 yeye na mama yake wakaishitaki wilaya ya shule zake. Hawakudai fidia hata senti moja. Walidai akimbie wakati mmoja na wenzake, katika uwanja mmoja, matokeo yake yakihesabiwa. Palitolewa hoja za usalama, kwamba kiti chaweza kumgonga anayekimbia kwa miguu. Mahakama ikazisikiliza, na mwaka 2006 ikaamuru aruhusiwe. Wapo waliomzomea aliposhuka uwanjani, naye alikuwa mtoto wa shule. Mwaka 2008 jimbo la Maryland likapitisha sheria ya kuzitaka shule zake zote ziwape wanafunzi wenye ulemavu nafasi ya kushiriki michezo, na fungu hilo la haki likawafikia maelfu ya watoto ambao hawatapata kukutana naye.

Hilo ndilo ninaloliita manufaa kwa jamii. Wengi hudhani mwanamichezo huisaidia jamii pale anapogawa sehemu ya mapato yake, akajenga kisima au akalipa karo za yatima, na hayo ni mema yenye thawabu. Lakini kijana asiye na mapato, anayeishi kwa shangazi yake Msangani au Mzenga, ataonekana hana la kuchangia mpaka atajirike. McFadden alichangia akiwa na miaka 16, kwa kukataa tu kukimbia peke yake.

Niruhusuni sasa niwaeleze kiti chenyewe, kwani nimegundua kwamba watu wengi, hata walimu wa michezo, hufikiri ni kiti kile kile cha Hospitali ya Tumbi kikisukumwa kwa haraka zaidi. Kiti cha mbio kina magurudumu matatu: mawili makubwa nyuma, yaliyoinamiana juu na kutanuka chini ili yasipinduke, na moja dogo lililotangulia mbele mwishoni mwa fremu ndefu. Hakina mnyororo wala gia, kanuni zinavikataza, hivyo nguvu yote hutoka mabegani. Kwenye kila gurudumu kubwa pameshikizwa pete ndogo iliyovikwa mpira, na mkimbiaji, aliyevaa glavu ngumu, haishiki pete hiyo bali huipiga kwa upande wa kidole gumba na vifundo, akianzia karibu na kilele na kuisukuma hadi chini kabisa, kisha mikono huachia na viwiko hupaa nyuma tayari kwa pigo jingine. Mtazameni mkimbiaji hodari akianza mbio: mapigo ya kwanza ni mafupi na mazito, kichwa kimeinama karibu na magoti, kisha kadiri kiti kinavyoshika kasi mapigo hurefuka, na sauti ya glavu juu ya mpira husikika sawasawa kama mchi kinuni. Akifika kwenye kona hana wakati wa kukata usukani, basi hugonga kijiti kidogo kilichopangwa kabla ya mbio, gurudumu la mbele likageuka kwa pembe ile ile ya uwanja, na anapoingia mstari ulionyooka hukigonga tena kikarudi. Mwezi wa Novemba mwaka 2021, huko Oita nchini Ujapani, Marcel Hug wa Uswisi alimaliza marathoni kwa saa 1 dakika 17 na sekunde 47, masafa yanayokaribia yale ya kutoka hapa Kibaha hadi katikati ya jiji la Dar es Salaam. Na msafiri wa daladala anayeijua foleni ya Kimara ataelewa mara moja ukubwa wa jambo hilo.

Na siri ya kiti hicho ni kwamba hutengenezwa kwa kufuata mwili wa mtu mmoja. Nyonga hupimwa, mapaja hupimwa, urefu wa mkono hupimwa. Kikilegea, sehemu ya nguvu hupotea katika kuyumba; na kwa kijana asiyehisi sehemu ya chini ya mwili wake, kule kuyumba huchubua ngozi bila yeye kujua, chubuko likawa kidonda, na vidonda vya namna hiyo hulaza watu hospitalini kwa miezi, na wengine huwaua. Ndiyo maana sifurahii sana nikisikia kwamba kontena la viti vikuukuu limewasili bandarini likitarajiwa kuwafaa wote. Viti vya kila mtu aghalabu haviwi vya mtu yeyote. Kiti kipya cha mbio kutoka Ulaya au Marekani hugharimu dola maelfu kadhaa, na fedha hizo ni nyingi kwa familia inayoishi kwa kuuza mihogo na mkaa. Basi wengi husema shauri limekwisha.

Shauri halijaisha, na ushahidi nitautoa Boston. Mwaka 1975 kijana wa Kimarekani aitwaye Bob Hall, ambaye polio ilimpata utotoni, aliomba kuingia katika marathoni ya mji huo akiwa katika kiti mwendo. Msimamizi wa mbio hakumkataza wala hakumbembeleza. Alimwambia kwamba akimaliza chini ya saa 3 atapewa cheti kama wapewavyo wengine. Hall alimaliza kwa saa 2 na dakika 58. Alipewa sharti, akalitimiza, na mlango uliofunguka siku ile haukufungwa tena. Jambo ambalo watu husahau kulitaja ni kwamba Hall baadaye akawa fundi. Alibuni na kuunda viti vya mbio, na wakimbiaji waliomfuata waliketi katika kazi ya mikono yake. Chombo kile hakikushuka kutoka mbinguni kikiwa kamili, kilianzia karakana, kwa watu waliokata mabomba na kuyachomelea, wakajaribu, wakakata tena.

Nami nauliza kwa dhati: ni mji gani katika Tanzania ulioandaliwa kwa kazi hiyo kuliko Kibaha? Mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki, ulioanza miaka ya 1960 na kukabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970, ukawa Shirika la Elimu Kibaha, uliweka shule, tiba na mafunzo ya kilimo katika ardhi moja, kwa imani kwamba ujinga, maradhi na umaskini ni maadui wanaosaidiana, hivyo hawapigwi mmoja mmoja. Sijapata kuona wazo lililo karibu zaidi na mahitaji ya kijana wa kiti mwendo, ambaye asubuhi anahitaji mwalimu, mchana anahitaji tabibu wa kumkagua ngozi na mabega, na jioni anahitaji fundi. Katika eneo hilo hilo kipo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, ambapo vijana hufundishwa ufundi. Na hatua chache kutoka hapo ipo Nyumbu, karakana kuu ya teknolojia ya magari, ambako wahandisi wa nchi hii walithubutu kuunda lori letu wenyewe. Watu walioweza kufikiria lori watashindwa na fremu ya magurudumu matatu isiyo na injini? Moshi nako, penye Hospitali ya KCMC, kipo chuo cha TATCOT, ambacho tangu miaka ya 1980 kimekuwa kikiwafunza mafundi wa viungo bandia na vifaa vya wenye ulemavu, na wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Elimu ya kumpima mtu na kumkatia kiti kinachomkaa ipo nchini mwetu. Haijakutanishwa tu na uwanja wa riadha.

Wala tusiwasahau mafundi baiskeli. Gurudumu la kiti cha mbio ni ndugu wa karibu wa gurudumu la baiskeli: lina ringi, spoki, beringi na tairi nyembamba, na fundi wa chini ya mwembe anayejua kuvuta spoki mpaka ringi inyooke anao tayari ustadi unaotakiwa. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Na kikundi cha watu wenye ulemavu kinachotengeneza na kukarabati viti mwendo, vya kawaida na vya mbio, ni biashara yenye wateja wasiokwisha, kwani kila kiti kinachosukumwa katika mchanga wa Pwani huharibika.

Nalisikia swali ambalo baadhi yenu mnalo mioyoni, kwamba watoto wengi hawana hata kiti cha kuwafikisha shuleni, basi kiti cha mbio ni anasa. Swali hili ni la haki, nami nakubali sehemu yake kubwa. Kiti cha kila siku hutangulia, kwa kuwa kiti cha mbio hakimfikishi mtu darasani wala chooni. Lakini nimeona pia, katika historia ya michezo hii, kwamba pale vijana walipoanza kushindana ndipo viti vya kila siku vilipoanza kuwa vyepesi na imara, kwa maana mafundi walijifunza uwanjani. Na anapoonekana kijana mmoja akishindana, wazazi wengine hupata moyo wa kuwatoa watoto wao uani. Mtoto aliyefichwa hana anayemwombea kiti cha aina yoyote.

Kisarawe ina ugumu wake na ina neema yake. Mji wake umekaa juu ya vilima, baada ya kupita Pugu na msitu wa Kazimzumbwi, na udongo wake mwekundu wakati wa masika huyanasa magurudumu mpaka msukumaji anatokwa jasho. Barabara ya Mlandizi kupitia Mzenga hadi Maneromango inajulikana kwa kila aliyepata kusafiri humo na mgonjwa. Kijana anayeishi bondeni hawezi kwenda na kurudi mazoezini kila siku. Hata hivyo kilima, kikiwa na lami, ndicho mwalimu mkali wa mabega, na wakimbiaji wa kiti mwendo duniani kote hukitafuta. Wilaya hii ni mlezi wa zamani wa elimu, kwani huko Minaki ndiko kilikohamia chuo cha St. Andrew kutoka Kiungani, Unguja, na kizazi kikubwa cha viongozi na walimu wa nchi hii kilipita hapo. Shule yenye bweni na uwanja, juu ya kilima, ni mahali pazuri pa kumlaza na kumfunza kijana ambaye barabara imemshinda.

Kwa walimu watakaobeba jukumu hili nina maneno machache ya utendaji. Mwanafunzi aliyeumia uti wa mgongo juu sana huenda mwili wake usitoe jasho la kutosha, na joto la Pwani laweza kumzidi kabla hajalalamika, basi mazoezi yawe alfajiri au jioni, na maji ya kumlowesha yawepo. Mabega ya mtu wa kiti mwendo ni miguu yake pia. Yakiumia hawezi hata kuhamia kitandani, kwa hiyo siku ya mapumziko ni ya lazima. Jueni vilevile kwamba washindani hupangwa katika madaraja kwa kadiri ya uwezo wa mwili, kuanzia T51 hadi T54, ambapo aliye T54 ana nguvu zaidi za kiwiliwili na mikono kuliko aliye T51, ili ushindani uwe wa haki. Na kumwingiza kijana katika daraja lisilo lake ni kumrejesha katika kipimo cha batili.

Narudi kwa Anne Wafula Strange, kwa sababu mchango wake mkubwa ulikuja alipokuwa amekwisha kupita kilele cha mbio zake. Mwishoni mwa mwaka 2016 alikuwa safarini kwa treni nchini Uingereza, na choo pekee kilichotengenezwa kwa watu wa kiti mwendo kilikuwa kibovu. Hakupata pa kujisitiri, akajikojolea. Mwanamke mwenye nishani, mwalimu na mwanamichezo wa taifa, angaliweza kulimeza jambo hilo kama tunavyofundishwa sisi wa Pwani kumeza mambo ya sitara. Lakini mwezi wa Januari mwaka 2017 alilisema mbele ya umma wote, kwa jina lake, na nchi nzima ikalazimika kuzungumza juu ya vyoo vya treni. Mimi nimelisoma jambo hilo mara nyingi, na kila mara huniumiza, kisha hunipa heshima kubwa juu yake. Alikuwa amezoea uwanja ambao kanuni ni za wote, akaitaka reli nayo ifuate kanuni.

Ninyi mnaotoka katika shule zetu za msingi mnajua kwa nini nimelitaja. Choo cha shimo chenye mlango mwembamba, ngazi mbili mbele yake na sakafu isiyo na pa kushika, humfukuza msichana wa kiti mwendo shuleni kwa hakika zaidi kuliko adhabu yoyote. Naye, ili aweze kukaa darasani mpaka saa nane, huacha kunywa maji tangu alfajiri. Mtoto asiyekunywa maji hawezi kukimbia. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga sheria yake yenyewe. Karatasi zipo, na ni nzuri. Mwanariadha mmoja anayehitaji choo ili afanye mazoezi atazisomesha karatasi hizo kwa mwalimu mkuu, kwa mtendaji wa kata na kwa diwani, wala hatakuwa ameomba fadhila.

Tumezoea katika mji huu kuishi jirani na mwanamichezo aliyeirudishia jamii mema. Filbert Bayi, mtoto wa Karatu, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch tarehe 2 Februari 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akiongoza tangu mwanzo hadi utepe, aliichagua Kibaha kuwa mahali pa shule zenye jina lake, na watoto wanaosoma hapo walikuwa hawajazaliwa alipokimbia. Tanzania ilishiriki Paralimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1992 huko Barcelona, na hadi Paris mwaka 2024 haikuwa imepata medali. Sioni aibu katika hilo, maana nimekwisha kusema kushindwa kuna heshima kwa aliyepimwa. Ninaloliona ni kwamba tumewapima wachache mno, tena tumewapima wakiwa wamechelewa, kama alivyochelewa Anne Wafula.

Basi ombi langu kwenu ni dogo na laweza kuanza kabla viti vya mbio havijaundwa. Katika mashindano ya shule ngazi ya kata, yale yanayoelekea UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya kitaifa ya shule za msingi na za sekondari, pawepo mbio za mita 100 za viti mwendo vya kawaida, katika uwanja uliosawazishwa na kumwagiwa maji usiku wa kuamkia siku hiyo ili vumbi lishikamane na magurudumu yasizame. Zifanyike katikati ya ratiba, baada ya mita 100 za wanaokimbia kwa miguu na kabla ya mita 200, watu wakiwa bado wamejaa, zisingojwe mpaka mgeni rasmi amekwisha kuhutubu. Wakiwapo watoto wawili tu, washindane hao wawili. Akiwapo mmoja, kata jirani iitwe, Kibaha iazimane na Kisarawe, gari litafutwe. Apewe saa mwalimu anayeijua, muda usomwe kwa sauti hadi sehemu ya kumi ya sekunde, na uandikwe katika daftari lile lile, kwa kalamu ile ile, chini ya majina ya waliotangulia, pamoja na jina la shule na jina la kijiji, ili mwakani akija tena tujue amepunguza sekunde ngapi.